Waanze na Wale

Sina ugomvi na sheria. Ugomvi wangu ni na watu wanaoipenda sheria, maana kila mmoja anaipenda ile inayombana mwenzake.

Nazungumzia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo kila nikifungua redio nasikia iko mbioni kurekebishwa. Asasi zinaandaa semina, wabunge wanaalikwa, wanahabari wanagawiwa kalamu na daftari, mtaalamu anasimama na kueleza mapungufu ya sheria, watu wanapiga picha ya pamoja, wanakula, wanaondoka. Semina inayofuata mapungufu ni yale yale, isipokuwa kuku. Kuku amekuwa akiboreshwa.

Na mapungufu hayo si ya kubuni. Sheria ni ya 1973. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA yetu, lilizaliwa mwaka uliofuata, 1974. Daladala, ambazo awali zilikuwa zikipakia kwa kuviziana na askari, zilihalalishwa 1983. Kanuni za kuwaruhusu bodaboda na bajaji kubeba abiria kwa biashara zilitoka 2010. Mabasi ya mwendokasi yalianza 2016. Kwa maneno mengine, sheria inayonilinda mimi safarini ilitungwa kabla hakijazaliwa hata chombo kimoja kati ya hivi ninavyovipanda. Imeguswaguswa hapa na pale humu njiani, lakini mwili ni ule ule.

Chukua mkanda. Sheria hii inamtaja dereva na yule anayekaa naye mbele. Wa nyuma hawamo. Sijui mwaka 1973 waliokuwa wakikaa nyuma ni watu gani. Pengine walikuwa wazito kiasi cha kutohitaji kufungwa. Chukua pombe. Mwenye gari binafsi anaruhusiwa hadi miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 50. Chukua mtoto mdogo ndani ya gari. Sheria haimjui kabisa. Kwa sheria hii mtoto huanza kusafiri akishakuwa mtu mzima. Ndiyo maana wanaharakati wanadai mambo matano kwa miaka sasa: mikanda kwa kila anayekaa, kofia ngumu zinazofungwa kweli kweli, mwendo mdogo penye shule, pombe ipunguzwe, na watoto wawekewe viti vyao.

Nikasema moyoni, mambo mazuri haya hayawezi kushindikana. Tatizo ni kwamba yanaanzia hotelini. Ngoja niyafikishe kwa wenye barabara.

Kijiwe chetu cha kahawa kiko pembeni ya Barabara ya Kilwa, upande wa Mbagala, na wajumbe wake wangetosha kuunda kamati ya kudumu ya Bunge. Yupo dereva wa kosta anayesubiri zamu. Yupo kijana wa bodaboda, pikipiki imeegeshwa mlalo kama mwenye mtaa. Yupo mwalimu mstaafu, ambaye ana gari dogo alilolinunua kwa kiinua mgongo na analiosha mara nyingi kuliko anavyoliendesha. Yupo mama muuza vitumbua. Na yupo muuza kahawa mwenyewe, anayetembea kutwa nzima na birika lake na jiko la mkaa. Kiti cha spika nilikichukua mimi, kwa sababu ndicho pekee chenye egemeo.

Nikasoma kifungu cha kwanza: kila abiria afunge mkanda, wa mbele na wa nyuma.

Kijana wa bodaboda alikiunga mkono kabla sijamaliza. Akasema watu wanakufa ovyo kwenye magari, inauma, serikali iwe kali. Nilishangazwa na huruma yake, kisha nikakumbuka kuwa pikipiki haina mkanda.

Dereva wa kosta akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Mzee wangu, mkanda upi? Bosi ameng'oa viti viwili ili wasimame wengi. Waliokaa nitawafunga mkanda, hawa waliosimama nitawafunga na nini?"

Nikamwambia sheria hairuhusu kujaza.

"Basi shuka wewe uwe wa kwanza," akasema.

Hapo spika akaamua kuendelea na ajenda.

Mwalimu mstaafu, mtu wa nidhamu, nilitegemea asimame na mimi. Akakohoa, akasema wazo ni zuri ila kwa magari ya abiria. Gari la familia ni jambo jingine. Yeye Jumapili hupakia wajukuu nyuma, na idadi yao haiendani na idadi ya mikanda. "Nikiufuata mkanda, nimbakize nani nyumbani?" aliuliza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akituulizia jedwali la saba.

Kifungu cha pili: kofia ngumu kwa dereva wa pikipiki na abiria wake. Kilipita kwa shangwe za dereva wa kosta na mwalimu. Dereva wa kosta alitoa hotuba ndefu juu ya ukatili wa bodaboda kupakia mishikaki, baba na mama na mtoto kati, wote vichwa wazi. Alizungumza kwa uchungu mkubwa, huku konda wake, kijana deiwaka aliyempata asubuhi hiyo hiyo, akiita abiria kwa kuning'inia mlangoni.

Kijana wa bodaboda akajitetea. "Anko, kofia ninayo." Kweli anayo, imevikwa kwenye kioo cha pikipiki. "Shida ni abiria. Dada ametoka saluni, amelipa hela nyingi kusuka, mimi nimvalishe kofia aliyoivua fundi zege sasa hivi? Ataniteremkia hapo hapo apande ya mwenzangu."

Mama wa vitumbua akasema hilo ni kweli tupu. Kofia ile aliwahi kuivaa, ikamnukia jasho la kata nzima. Akapendekeza sheria iseme kofia ivaliwe na dereva peke yake, kwa kuwa ndiye anayeisababisha ajali.

Kifungu cha tatu, pombe ipunguzwe kutoka 80 hadi 50. Hapa nilitegemea madereva wa biashara wapige kelele. Wapi! Dereva wa kosta na kijana wa bodaboda walinyoosha mikono yote miwili, na sababu nikaijua baadaye: dereva anayebeba abiria kwa biashara haruhusiwi hata tone. Kwao ni sifuri tayari, kwa hiyo ya mwenye gari binafsi ikishuka hawapotezi kitu, na roho inapata faraja.

Aliyepinga ni mwalimu. Ghafla akawa daktari. Akatueleza kuwa damu za watu hazifanani, kwamba mwili uliozoea hauyumbi, kwamba mtu mwenye umri wake akipata mbili huendesha polepole na kwa adabu kuliko kijana mkavu mwenye haraka. Mama wa vitumbua akamkata jicho, akasema kifungu kipite, na ikiwezekana hata baa zifungwe. Mumewe hana gari, lakini alisema hilo ni suala la msingi.

Kifungu cha nne ndicho kilichotaka kuvunja kikao: mwendo.

Kwenye makazi sheria inasema kilomita 50 kwa saa, na magari makubwa yasizidi 80 huko nje. Wanaotaka marekebisho wanasema penye shule iwe 30. Nikamtazama dereva wa kosta. Akaweka kikombe chini.

"Mzee, hiyo 50 inaijua hesabu?"

Kwa msomaji mwenye bahati ya kutopanda daladala, hesabu ni fedha ambayo dereva anampelekea mwenye gari kila jioni. Imepangwa, haipungui. Iwe mvua, iwe foleni, iwe kiongozi anapita na njia imefungwa, bosi anataka hesabu yake. Kabla yake kuna mafuta. Baada yake, kikibaki kitu, ndiyo riziki ya dereva na konda. Safari moja ikikatika, jioni wanagawana vumbi. Kwa hiyo yule unayemwona anachomoka pembeni, anapanda tuta la waenda kwa miguu, anamchomekea mwenzake kituoni ili awahi vichwa, hana wazimu hata kidogo. Anafanya hisabati. Na humu kwenye muswada wa semina nimepekua kila ukurasa, hesabu ya bosi haimo. Mwenye gari anakaa zake nyumbani. Faini inamwangukia dereva.

Nilitaka kulisimamia hilo kwa nguvu zote, lakini mama wa vitumbua akaniharibia. "Hata abiria wenyewe," akasema. "Dereva akienda taratibu, mnamwita bibi harusi. Mnamwuliza kama tunasindikiza msiba. Akikimbia, mnashika viti na kusali." Kisha akanitazama mimi moja kwa moja, jambo ambalo kwa kanuni za Bunge si sahihi kumfanyia spika.

Kifungu cha tano, viti vya watoto, hakikujadiliwa. Mama alisema kiti cha mtoto ni mapaja yake, mwalimu akasema bei, dereva wa kosta akasema nafasi, kijana wa bodaboda akauliza kama kinafungwa kwenye tanki. Kikaondolewa kwa kauli moja. Ni kifungu pekee tulichokubaliana wote, na ndicho pekee ambacho mhusika wake hakuwepo kikaoni, kwa kuwa muda huo alikuwa shuleni. Alipotoka alisimama kituoni na nauli yake ya mwanafunzi mkononi, makonda wakijifanya hawamwoni.

Sasa msije mkadhani ni kijiwe chetu tu. Hii ndiyo historia ya taifa.

Aprili 2015 serikali ilitaka madereva warudi darasani kila wanapohuisha leseni. Wazo zuri, sote tusiokuwa madereva tulilipenda. Madereva wakagoma. Ubungo pakajaa mizigo na watoto wanaolia, nchi ikalala chini siku hiyo, na lile darasa likafutwa. Mwanafunzi akiwa na ufunguo wa basi, mwalimu hana la kufanya.

Ikaja bajeti ya 2021/22. Faini ya kosa la barabarani ilikuwa 30,000 kwa kila mtu. Ikapendekezwa wenye pikipiki na bajaji walipe 10,000. Nawapongeza kwa dhati. Vijana ni wengi, wana vijiwe, wana kura. Ila naomba kuelekezwa: anayepita taa nyekundu kwa magurudumu manne na anayepita kwa mawili, taa si ile ile? Na kama bei ya kosa inapimwa kwa uzito wa chombo, mimi ninayevuka kwa miguu pasipo na kivuko nadhani nadaiwa kama mia mbili hivi.

Mabasi ya mikoani nayo yalikatazwa kukimbia usiku kwa miaka na miaka, tangu ile miaka ya 1990, kwa sababu za usalama. Abiria tukawa tunalala stendi za watu, tumekumbatia mabegi, tukiwa salama dhidi ya kila kitu isipokuwa mbu na wezi. Mwaka 2023 ruhusa ikatoka, mabasi yakarudi usiku. Angalau hapo kulikuwa na akili: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ina mfumo unaofuatilia mwendo wa basi likiwa njiani, na kitufe cha kumtambulisha dereva aliyekaa kwenye usukani. Yaani mtu anajulikana yuko wapi, anakwenda mbio kiasi gani, na ni yeye kweli. Mke wangu aliposikia kuna kitufe cha namna hiyo aliuliza kinapatikana wapi.

Lakini kwenye magari mengine yote, tunachokitii sisi si sheria. Tunatii tochi. Yule askari aliyeshika kifaa chake cha kupimia mwendo chini ya mwembe, huyo ndiye Sheria ya 1973, na hana kifungu cha pili. Ukimpita, kwa kilomita kadhaa umekuwa huru. Na kwa kuwa Watanzania ni watu wa kusaidiana, hutapigwa tochi bila kuonywa. Gari linalotoka mbele litakuwashia taa. Lori, basi, gari la mchungaji, gari la shekhe, gari lenye bendera ya Simba na lenye bendera ya Yanga, wote watakuwashia. Tuna makabila zaidi ya 120 na vyama vya siasa havina idadi, lakini mbele ya tochi sote ni wa mama mmoja, baba mmoja. Anayetafuta umoja wa kitaifa asiende mbali. Asimame pale penye kibao cha 50.

Halafu kila baada ya muda tunaadhimisha Wiki ya Nenda kwa Usalama. Hotuba zinatolewa, bendi inapiga, na stika inabandikwa kwenye kioo cha mbele. Kwenye kosta ninayoipanda mara kwa mara stika hizo zimebandikwa za miaka tofauti, juu ya ufa wa kioo, na kwa maoni yangu ndizo zinazokishikilia kioo kisianguke. Kwa hiyo siwezi kusema hazisaidii usalama.

Niache utani mara moja. Mwaka 2016 takwimu rasmi zilisema waliokufa barabarani nchini ni 3,256. Shirika la Afya Duniani, kwa makadirio yake, likasema ni 16,252. Kati ya namba hizo mbili kuna watu elfu kumi na mbili na zaidi ambao hatujakubaliana kama wamekufa. Makaburi yao yapo, maturubai yalifungwa, michango ilipitishwa, lakini kwenye daftari hawamo. Na wengi wa wanaokufa hivyo duniani si wale waliokaa kwenye magari yenye viyoyozi. Ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na watu wa pikipiki. Ukitaka kujua kwa nini sheria inachukua muda mrefu kurekebishwa, anzia hapo: aliyekufa haendi semina.

Aliyenikumbusha hayo ni muuza kahawa. Muda wote alikuwa akimimina tu. Nilipofunga mjadala akasema, "Wazee, nyote hapa mna vifungu vyenu. Mimi sina gari, sina pikipiki, nakwenda kwa miguu. Nyote mnanigonga mimi." Kijiwe kikawa kimya. Akasema yeye anataka vifungu vyote vitano vipite leo leo, na faini ziongezwe.

Nilitaka kumpigia makofi. Nikamwuliza, kwa kuwa ndiye mzalendo pekee aliyebaki, kama na yeye atakubali kuvuka kwenye kivuko cha pundamilia peke yake. Akatazama kivuko kilipo. Akatazama wateja wake walipo, ng'ambo ya pili, mkabala kabisa na birika.

"Kile kimewekwa mbali," akasema. "Hicho kifungu kisubiri kwanza. Waanze na wenye magari."

Taarifa ya kamati naiwasilisha Dodoma kama ifuatavyo. Muswada ni mzuri sana na upite wote. Kuhusu utekelezaji, wajumbe wametoa maelekezo: madereva wa kosta wanaomba waanze na bodaboda, bodaboda wanaomba waanze na wenye magari binafsi, kwa kuwa ndio wanaolewa, wenye magari binafsi wanaomba waanze na kosta, waenda kwa miguu wanaomba waanze na wote hao.

Kuhusu mimi, yapo mapendekezo kwamba abiria anayepanda gari lililokwisha kujaa naye atozwe faini. Siyapingi. Nasema tu kuwa mtu anayesimama tangu Rangi Tatu hadi Kariakoo, shingo imepinda, kwapa la jirani puani, amekwisha kuadhibiwa vya kutosha, na sheria hairuhusu kumwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Waniache mwisho. Kwa foleni ya hao waliotangulia, zamu yangu ikifika nitakuwa nimepata gari langu mwenyewe, na hapo kifungu cha abiria nitakiunga mkono kwa mikono yote miwili.